Mwonjaji wa Mama Manka

Sheria ilipokataza mkono wa mtu kugusa kinywaji cha mteja, kilabu cha Mama Manka kililetewa mashine yenye mikono miwili na sauti ya mwinjilisti. Lakini huku migombani kwetu, mwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza mbele yako, ujue hajakuwekea sumu, ndipo akupe kata. Mashine ikamimina tu.

"Nani kaonja?" akauliza Mzee Kisoka, akarudisha kata mezani. Sote tukarudisha zetu, tukaenda kulala na kiu.

Mama Manka hakukubali. Aliita fundi, mashine ikatobolewa mdomo, na mpira ukapitishwa nyuma ya ukuta. Tangu hapo inapiga funda moja, inasema, "Nimeonja, karibu," nasi tunakunywa na kuwasengenya wakwe zetu kwenye mabenchi yale yale, kama zamani.

Mpira uliishia kwenye hori la nguruwe wa Mama Manka. Kila mashine ilipoonja, nguruwe aliguna kwa raha, hadi tukamwita Mkaguzi.

Jana tulikuwa tumeshamaliza kata ya kwanza Mzee Kisoka alipoinua kidole.

"Mbona Mkaguzi kanyamaza?"

Mama Manka akaenda kuchungulia. Alirudi akifuta mikono kwenye khanga, bila kututazama.

"Kalala," akasema.

"Kalala vipi, mama?"

Mashine ikapiga funda jingine, ikatujazia kata hadi pomoni.

"Nimeonja," ikasema. "Karibuni."