Sindano za Saruji

Bwawa la mji lilikuwa linavuja chini kwa chini, ndipo mafundi wakaja kulichoma sindano. Walitoboa mwamba matundu mengi, na katika kila tundu wakasukuma kwa mashine saruji nyepesi kama uji, wakiusaka ufa uliokuwa ukipitisha maji.

Nyamizi, mjane mwenye chemchemi bondeni, ndiye aliyewapikia chai tangu walipofika. Maji yake walivyoyapenda! Msimamizi wao, Mayunga, alimwita mama.

Asubuhi moja Nyamizi alipokwenda kuchota, chemchemi ilitoa maji ya kijivu. Akapanda kilima mbio hadi bwawani, kikombe mkononi.

"Mwanangu, zima mashine! Tazama maji yangu!"

Mayunga alichovya kidole, akazisugua chembechembe za saruji, kisha uso ukamkunjuka kwa furaha.

"Jamani, tumeupata! Ufa unatokea kwa mama!" Akawageukia wenzake. "Ongezeni presha."

"Na mimi nitakunywa nini, Mayunga? Bustani yangu je?"

"Mji mzima utakunywa, mama," alisema kwa upole, huku akimshika bega na kumsogeza mbali na bomba. "Leo usihangaike na chai."

Mashine ikanguruma. Nyamizi akateremka akijikwaa, akapiga magoti, akaanza kuuchimbua mdomo wa chemchemi kwa vidole. Uji ulizidi kuja, mzito zaidi, ukamfunika mikono hadi viwikoni.

Jua lilipoanza kushuka, bado alikuwa amepiga magoti palepale. Hakuna kilichotiririka tena. Saruji ilikuwa imeanza kupata joto, kama mwili wa kiumbe hai, nayo ikawa inamkaza mikono taratibu.