Bima Kabla ya Cherehani

Uvumi ulikuwa umemganda Bi Mwanaidi kama kupe: minada ya mtandaoni huuza rahisi, kisha hukukamua kwenye ada. Sasa bintiye Salha ameshinda mnada wa cherehani kwa bei ya kutupa, na muuzaji anadai ada ya kufungasha na bima inayomaliza akiba yake yote.

"Mama, nikichelewa atamuuzia mwingine."

"Kama anayo kweli, atunge uzi mwekundu kwenye sindano ya hiyo cherehani, akupigie picha."

Salha akamwandikia muuzaji hivyo. Jibu likaja: "Lipa bima kwanza, dada. Picha baadaye."

Salha akamtazama mama yake, kidole bado kiko juu ya kitufe cha kulipa.

Basi, wanangu, msilipe bima isiyo na karatasi. Msilipe ada inayotajwa baada ya kushinda. Msikubali kuharakishwa.