Pamba Mbili za Mashavuni

"Panua mdomo, Mzee," nesi Benedikta alimwambia Ngeleja, akamsugua shavu kwa ndani na kijiti chenye pamba.

Mzee akacheka. "Loo! Kampuni zinagombania pamba huko vijijini, kumbe ninyi mnalisha watu!"

Selestini, mwanawe wa kwanza, hakucheka. Tangu baba atangaze kwamba zizi zima la kijijini Zagayu, ng'ombe sabini, litakuwa la Mayige, wivu ulikuwa umemkaba hata ugali haupiti. Yeye ndiye aliyechunga jua na mvua! Huyo mdogo wake alijua nini zaidi ya kucheka na baba? Ndipo akayatoa mbele ya ukoo yaliyokuwa yakinong'onwa: mimba ya Mayige iliingia mwaka wa ukame, baba akiwa mbali, Mwanhuzi, na mifugo.

"Siku hizi kuna kipimo," alisema. "DNA. Damu yenyewe iseme."

Mzee alishika mlango wa zizi, na neno linalosemwa hapo halirudishwi. "Haya, mtapimwa wote wawili. Mkiwa damu yangu wote, mtagawana. Akiwa mmoja, zizi ni lake. Lakini atakayeleta ujanja, awe damu yangu asiwe, ataondoka hapa na fimbo yake tu."

Sasa walikuwa hospitali ya Bariadi, na Benedikta alikuwa akiwaeleza huku akiendelea na mashavu ya vijana. "Ni kama maandishi yaliyomo katika kila chembe ya mwili. Nusu unapewa na mama, nusu na baba. Ndiyo yanayopanga rangi, kimo, hata masikio. Mtu anayo, ng'ombe anayo, mpaka mche wa pamba unayo."

"Hilo nalijua," Mzee alisema. "Ndama akija na madoa, humuulizi dume ni nani."

Nesi akamtazama Mayige, akacheka. "Huyu hata asingepimwa. Masikio haya, Mzee mtupu!" Kisha akamgeukia Selestini, akamtazama kidogo, akanyamaza.

Ule ukimya ulimchoma. Masikio yake yeye yalikuwa ya nani? Pale nyumbani hakuna aliyekuwa na masikio kama yale. Na mama, Mungu amrehemu, hayupo wa kuulizwa. Mungu wangu, kumbe huenda ni mimi!

Benedikta alitia kila pamba katika bahasha yake, akabandika plasta yenye jina, hajafunga hata moja akaitwa mbio wodi ya wazazi. Mzee na Mayige wakatoka kunywa uji. Selestini akasema yeye ataziangalia bahasha.

Nesi aliporudi alimkuta anajifuta jasho. "Unaumwa?"

"Joto tu, dada."

Wiki zile za kungoja, watu walishangaa. Selestini alikula, alilala, hata alianza kumsalimia mdogo wake kila asubuhi: "Mwangaluka, Mayige!" Siku Benedikta alipopiga simu kwamba majibu yametoka Dar es Salaam, yeye ndiye aliyekuwa amepanda kichuguu kutafuta mtandao. Alishuka anapiga mluzi.

Ukoo ukakaa mbele ya zizi. Benedikta, aliyeleta barua mwenyewe, akaifungua, akaisoma.

"Mayige ni mtoto wa Ngeleja," alisema. "Selestini si mtoto wa Ngeleja."

Mayige ndiye aliyelia. Alimkumbatia kaka yake, akamganda, akisema hataki ng'ombe, hataki chochote. Mzee akamgeukia Selestini.

"Mama yako nilimtolea ng'ombe, Selestini. Wewe ni mwanangu, na sahani yako iko hapa mpaka nife. Lakini zizi ni la Mayige. Wewe ndiye uliyetaka damu iseme."

Selestini akafumbua mdomo. Akautazama mlango wa zizi, akaufumba.

Angesema nini? Kwamba siku ile, nesi alipotoka, alizibandua zile plasta mbili kwa kucha zake mwenyewe, akabandika jina lake kwenye bahasha yenye pamba ya Mayige, na jina la Mayige kwenye bahasha yenye pamba yake?