Sina Hakika, Mchungaji

Siku hizo kila Mkristo wa usharika wetu alivaa pete iliyowaka kijani akisema kweli, nyekundu akidanganya. Aikande alipoulizwa imani yake na kusema, "Naamini yote," pete yake iliwaka nyekundu, akanyimwa Chakula cha Bwana. Miezi saba alibaki jikoni, huku mumewe Elinami, ambaye kama mzee wa kanisa hakuulizwa swali hilo, akienda ibadani na watoto.

Siku ya Pasaka alirudi. "Unaamini yote?" Mchungaji akamuuliza mbele ya watu.

"Sina hakika, Mchungaji. Mengine katika Biblia yananishinda. Lakini bado naomba."

Pete ikawaka kijani. Elinami akasimama, machozi yakimtoka. "Hata mimi sina hakika, mama watoto."

Vigelegele vikatikisa kanisa. Watu wakapanga foleni kusema yao, na wote wakala mkate.

Ndipo bibi mmoja akauliza kwa upole, "Na wewe, Baba Mchungaji?"