Waifai ya Ghala

Fundi aling'oa waya wa umeme ukutani bila kumwuliza mtu, akasubiri kidogo, akauchomeka tena.

"Unafanya nini?" Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, macho kayakaza.

"Naijaribu, mzee." Hakugeuka hata kidogo. Alikuwa msichana wa umri wa mdogo wa mwisho wa mlinzi, na mezani mbele yake kulikuwa na kompyuta ndogo ya Linux, ile inayoendesha kamera za ghala, haizidi kipande cha sabuni.

Tangu aingie na begi lake, mlinzi hakumpa nafasi ya kupumua. Alilikagua begi, akalikagua tena. Akampigia bosi simu kuhakikisha kama kweli kamtuma mtu. Bosi akamjibu kwa mkato, "Mwache afanye kazi." Akamwacha, lakini jicho hakuliondoa. Ghala zima la magodoro, yaliyopangwa hadi darini, lilikuwa mikononi mwake.

"Kwani ina ugonjwa gani?"

"Umeme ukikatika, inazima. Ukirudi, inawaka vizuri, ila waifai inabaki imelala mpaka mtu aje kuiwasha kwa mkono. Bila waifai kamera hazina pa kupeleka picha. Bosi akitazama simu yake anaona giza tupu."

"Umeme wa huku unasumbua sana," alisema mlinzi.

Fundi akaacha kuandika. "Hapo ndipo ninaposhangaa. Nimemwuliza muuza vipuri hapo jirani. Anasema kwake haujakatika siku nyingi."

Mlinzi akakohoa. "Nyaya za humu ni kuukuu."

"Huenda." Sasa alimgeukia, akamtazama usoni. "Kuna kitu kimeibiwa?"

"Hesabu mwenyewe! Halijapungua godoro hata moja tangu niajiriwe hapa!"

"Sijasema limepungua, mzee. Nimeuliza tu."

Akarudi kwenye kazi yake. Maandishi meupe yakawa yanapanda kwenye skrini kama siafu. Mlinzi akasogea, akanyoosha shingo, asiambulie kitu.

"Umeandika nini hapo?"

"Nimeipa agizo. Ikiwaka tu, kabla ya jambo lolote, iamshe waifai yenyewe. Haimsubiri mtu tena."

"Na mtu akizima swichi kuu?" Swali lilimponyoka, akatamani kulirudisha mdomoni.

Fundi alilipokea taratibu. "Akizima na kuacha hivyo, taa za nje nazo zinazimika, mtaa mzima unaona. Na akiwasha tu, kamera zinaamka."

Akang'oa waya tena, akauchomeka. Kitaa chekundu, kisha cha kijani. Akamwonyesha mlinzi simu yake. Ghala lote lilikuwamo, safu kwa safu, na katikati yake mtu mmoja aliyevaa sare, mdomo wazi.

Mlinzi akaufunga mdomo.

Alimsindikiza fundi hadi getini. Fundi alipokwisha kuvuka, akageuka. "Mzee, mimi nimetumwa kurekebisha waifai. Habari za umeme hakuna aliyeniuliza."

Akaenda zake.

Mlinzi akafunga geti, akajifungia kibandani mwake. Akachungulia dirishani, kushoto, kulia, ndipo akatoa simu. Ilipopokelewa, alinong'ona.

"Ni mimi. Leo msije. Kile kidude sasa kinaamka chenyewe."

Akamsikia mkewe akivuta pumzi.

"Baba watoto, wameshaoga hawa," alisema. "Sasa nitawalaza wapi, sakafuni tena?"