Meno ya Kuchonga

Asubuhi ile tulikuwa watatu karakanani: dereva wa pikipiki, mkewe mwenye mimba ya miezi minane, na mimi fundi wao. Walikuwa wamejibanza kwangu wakingoja mvua ipungue, kisha washuke mteremko wa lami kwenda kliniki.

"Barabara inateleza, baba," mkewe alisema.

Dereva akalipiga teke tairi la nyuma. "Usihofu, mama. Tairi hili lina meno mengi kuliko mimi."

"Wewe meno yako mawili uliyaacha kwenye mteremko huohuo!"

Wakacheka. Mimi nilichuchumaa kando ya gurudumu, nikijifanya nakaza nati.

Tairi lile lilikuwa kipara nilipoliokota. Nililichonga mistari kwa kisu cha moto, nikalipaka rangi ya viatu, nikamfungia dereva nikimwambia kwamba limetumika kidogo tu. Sasa nilipitisha ukucha wa kidole gumba ndani ya mstari mmoja. Ukucha ukakwama kwenye uzi mweupe, mwembamba kama wa kushonea shuka. Mpira ulikuwa umekwisha. Nyuma ya uzi ule palikuwa na upepo mtupu.

Mvua ikapungua. Dereva akawasha pikipiki. Mkewe akakusanya gauni lake kwa mkono mmoja, na mwingine akaniwekea begani apate kupanda.

"Nishikilie vizuri, shemeji."

Nilinyoosha mkono, nikazima pikipiki, nikachomoa ufunguo.

"Shuka, kaka," nikasema. "Hamwendi na pikipiki hii. Meno haya nimeyachonga mimi."