Korongo na Mteja wa Bonde la Mbali

Walikuwapo mawakili wawili wa ofisi moja, Korongo na Pimbi, ila hawakuelezana habari za wateja wao. Korongo akaruka hadi bonde la mbali kutafuta wateja wapya, akamkuta Nyati, akajinadi.

"Bwana Wakili, Pimbi wenu alinishindia kesi ya malisho," Nyati akasema. "Niliporudi na kesi nyingine nilikukuta wewe, ukaniuliza mimi ni nani. Nikaenda kwa wakili mwingine, Nguchiro."

Korongo akarudi ofisini ameinamisha shingo, akamwuliza Pimbi:

"Ndugu yangu, umewahi kuwatetea nani na nani?"

"Nilidhani hutaki kujua," Pimbi akajibu, akaanza kuwataja.

Kesho yake Korongo hakuruka. Alitembea kwa miguu hadi kwa Ngiri, jirani yao aliyetajwa na Pimbi, kumjulia hali.